Rozari ya Barabara ya Bagira

Mwezi uliopita tulimzika Maman Espérance. Mchana wa matanga, sebuleni kwa binti yake kule Nguba, Bukavu, nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake waliokuwa wakisali rozari, na nikajikuta nafanya jambo lisilo la heshima msibani: nasikiliza sauti badala ya kusali. Sikio langu lilikuwa linavizia neno litakalokatika. Ni ugonjwa nilioupata mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na sasa nina mvi kichwa kizima na bado haujapona. Pembeni ya picha ya marehemu, watoto walikuwa wameweka picha ya mume wake, Papa Anselme, mwalimu aliyeondoka nyumbani kabla vita havijafunga njia ya Kinshasa na ambaye hakurudi tena. Kaburi lake hatulijui. Tulipofika kumi la tatu kati ya makumi matano ya rozari, mjukuu wao mmoja, mwanasheria mzima, akashuka kwenye teksi mlangoni na simu sikioni. Binti wa marehemu akamtazama kwa jicho kali, na mwanasheria akanong'ona akijitetea, "Pole, tantine, niko naye kwenye simu tangu Bagira." Alisema tangu Bagira kama mtu anayesema ametoka chumbani akafika uani. Nilitaka kumshika mkono nimwambie kwamba kulikuwa na mwaka ambao watu wanne tulihangaika miezi mizima ili sauti moja itoke mjini ifike Bagira bila kukatika, na kwamba sauti yenyewe ilikuwa ya huyu tunayemlilia. Lakini msibani huwezi kusimama uanze hadithi za minara, kwa hiyo nimeileta hapa.

Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo hayana kazi katika sura hii. Inatosha mjue kwamba nilikuwa nimemaliza masomo ya fizikia nikitarajia kuwa mwalimu, kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa na kufungwa kadiri ya milio ya risasi, na kwamba nilipata kazi katika kampuni ndogo ya simu iliyokufa zamani, ambayo jina lake nitaliacha lipumzike. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya Wazungu wa zamani kule Muhumba, juu kidogo ya ziwa, yenye sehemu ya kuotea moto ukutani ambayo hakuna aliyewahi kuiwasha. Sebuleni walikaa wahasibu. Chumba cha kulala cha kwanza kilijaa betri, na harufu yake ya asidi ilikuwa inatukuna koo. Cha pili kilikuwa na mitambo na kompyuta moja yenye kioo cha kijani ambayo Ingénieur Murhula, mkubwa wetu wa ufundi, aliifunika kila jioni kwa kitambaa cha meza kilichofumwa na mama yake. Jikoni palikuwa pa Maman Espérance. Yeye aliajiriwa kupokea wageni na simu, lakini wageni walikuwa wachache, na hakuweza kuvumilia kuona watu wazima wanashinda na chai tupu, basi akahamisha meza yake ya mapokezi jikoni, simu ya mezani ikavutwa kwa waya mrefu ikapita korido nzima, na kufikia saa sita kila siku nyumba yote ilinuka sambaza, samaki wadogo wa ziwa, wa kukaanga. Nilikula vizuri mwaka ule kuliko mwaka wowote wa vita, na ninasema hivyo nikijua wangapi walilala njaa.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu mji wetu utenganishwe na Kinshasa. Barua zilipita kwa mapadre, kwa marubani, kwa wafanyabiashara waliozunguka nchi tatu ili kufika nyumbani kwao wenyewe, na mtu aliweza kupokea pongezi za harusi wakati mtoto wake wa kwanza anatembea. Ndipo ikaja minara yetu mitatu: mmoja Muhumba, mmoja Kadutu juu, mmoja Bagira. Kila mnara una eneo lake unalolihudumia, tuliliita seli, na mtu anayeongea huku anasafiri lazima wakati fulani mnara mmoja umwachie na mwingine umpokee. Watu wa Bukavu walikwishajifunza kwamba upokezi huo haufanyi kazi, na walikuwa wamejitungia adabu zao. Ungemwona bwana mzima anatembea na simu, anafika pahali fulani pa barabara, anasimama kama aliyegonga ukuta, anamaliza mazungumzo yake yote pale, anaaga, anakata, kisha anaendelea na safari na kupiga tena upande wa pili. Pale Nyawera kulikuwa na mti ambao chini yake kulisimama kila siku watu kumi wakipiga kelele, kila mmoja na wake. Wageni waliokuja mjini walidhani ni kituo cha basi.

Kazi ya Ingénieur Murhula ilikuwa kuondoa kuta hizo, na mimi, Faida, nilikuwa sikio lake. Mashine ya kupimia, iliyotakiwa kuja kutoka Ulaya, ilikuwa imezuiwa mpakani kwa sababu askari waliona ina antena nyingi mno kuwa ya watu wema. Ingénieur, ambaye alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ambazo umeme haukuwepo, alizunguka nyumba siku mbili akinung'unika kwa Kifaransa, halafu akaingia jikoni.

"Maman Espérance," akasema, "tunakuomba kazi kidogo. Tutapanda gari, Faida atashika téléphone, weye utabakia hapa unasema. Usisimame. Hata ukichoka, usisimame kusema. Tunataka tusikie fasi gani sauti inakatika."

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote. Kitu chenye unajua kwa kichwa, juu usitafute maneno."

Tukapanda gari, dereva wetu Zihindula akawasha, nikaweka simu sikioni, na kilichonifikia kilikuwa ishara ya msalaba, Nasadiki, na kisha Salamu Maria, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile nene isiyo na haraka. Ingénieur aliinama akachomeka sikio lake karibu na langu, akasikiliza, akarudi kukaa wima. Alikuwa amesoma seminari ndogo, na Zihindula aliwahi kuninong'oneza kwamba tangu kaka yake auawe, mwaka wa kwanza wa vita, hajakanyaga kanisani. Nilidhani atakasirika. Badala yake, tulipofika Nyawera, akasema polepole kwamba hakuna kipimo bora kuliko hicho: kila Mkatoliki wa mji huu anajua neno gani linafuata neno gani, hivyo likipotea hata moja tutajua ni lipi na lilipotelea wapi. Wiki ile nilimsikia kupitia mlango akiwaeleza wakubwa wa kampuni kwa simu ya setilaiti kwamba vipimo vya Bukavu vinafanyika kwa kutumia maandishi maalumu yaliyokubaliwa. Hakusema yamekubaliwa na nani.

Basi kila asubuhi tulifanya safari hiyo, kutoka ofisini hadi soko la Bagira kwa barabara ya kando ya ziwa, nikishika simu kwa mkono mmoja na kwa mwingine ramani ya mji ambayo niliitia msalaba wa penseli kila neno lilipomezwa. Siku ya tatu au ya nne, baada ya kurekebisha mitambo usiku kucha, Ingénieur aliinua kidole chake mbele ya uso wangu tulipokuwa tunapita chini ya mti wa wapiga kelele, akasema, "Sasa." Sikusikia kitu. Maman alikuwa anasema maneno yake vilevile. Nikamwambia hakuna kilichotokea.

"Imetokea," akasema. "Umeshatoka ku Muhumba, uko ku Kadutu. Mumoja alikuachilia, mwengine akakupokea."

Nikamuuliza walishikana wapi, yaani ni wakati gani minara yote miwili ilikuwa imeishika ile sauti pamoja. Nilifikiri nimeuliza swali la mtu aliyesoma. Akanigeukia na uso uliojaa furaha kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake, akasema hapana, haishikani hata mara moja. Wa kwanza anaachia kabisa, ndipo wa pili anashika. Katikati kuna upenyo mdogo, mdogo kuliko kupepesa jicho, ambapo sauti haiko mikononi mwa yeyote. Na sikio halijui. Niliganda. Nilikuwa nimesoma mawimbi kwenye ubao miaka mitatu, nimeyafaulu kwenye mtihani, na sikuwahi kuambiwa kwamba jambo la ajabu kiasi hicho linaweza kutokea ndani ya gari lenye matope, kati ya muuza ndizi na fundi baiskeli, katikati ya sala ya mwanamke anayekaanga samaki. Leo watoto wangu wakiniona nimesimama dirishani nikiangalia mnara, wananicheka. Mshangao ule uliniingia siku hiyo na haujawahi kutoka, na mambo mengi niliyoyaamini baadaye kuhusu dunia, kwamba inashikwa na vitu visivyoonekana vinavyofanya kazi yake bila kudai kutazamwa, niliyapata pale.

Tatizo letu lilikuwa kona moja. Barabara ya Bagira inakwenda kando ya maji, halafu inakata ghafla nyuma ya kilima chenye mikalitusi, na hapo sauti ya Maman ilikufa. Haikudhoofika wala haikukwaruza. Ilikufa tu, mara nyingi katikati ya kumi la nne, na sikioni mwangu kukabaki kimya cha kisimani. Tulipopiga tena upande wa pili wa kilima, tulitaka aendelee alipoishia ili tupime sehemu iliyobaki. Yeye akaanza rozari, ile aliyoiita shapule, upya na ishara ya msalaba.

"Maman," Ingénieur akachukua simu, "uendelee pale ulifikia. Kumi ya ine."

"Ilikatika, Ingénieur."

"Najua ilikatika. Njo kazi yetu ile. Endelea tu."

"Shapule ikikatika, inaanza ku mwanzo. Weye ulisoma ku seminari, unajua."

Aliomba, akabembeleza, akapendekeza ahesabu namba tu kwa Kifaransa, moja hadi mia na kurudi. Maman Espérance akauliza ahesabu kwa ajili ya nani. Zihindula, ambaye alikuwa wa kanisa la Kiprotestanti na mambo haya aliyaona kama mchezo wa jirani, alicheka hadi akalazimika kusimamisha gari. Kwa hiyo sehemu ya baada ya kona tulikuwa tunaipima kila siku kwa makumi ya mwanzo, na kumi la tano halikusikika garini kwa miezi. Ingénieur alisema hajawahi kuona mfanyakazi mkaidi namna ile, na mchana aliongezewa bugali na huyohuyo mfanyakazi, akaula.

Ni mimi niliyemuuliza kwa nini. Tulikuwa wawili jikoni, anachambua mboga za lengalenga, mvua inapiga bati kiasi kwamba wahasibu hawangeweza kutusikia. Akaniambia kwamba wao walikuwa wanakaa Bagira, na kwamba siku Anselme alipoondoka, kwenda Kinshasa kushughulikia makaratasi ya walimu wenzake, alipita barabara ile ile ya ziwa, kwa miguu, na begi moja. Alisema atakawia kidogo. Vita vikafunga nyuma yake.

"Nilikuwa nasali ku nyumba, nasali ku kanisa," akasema. "Lakini siku Ingénieur alisema niseme na sauti itapita mu barabara ile mpaka Bagira, nilifikiri, Espérance, hii si kazi ya kampuni. Hii umeletewa. Basi niliahidi. Shapule moja, nzima, itoke huku ku mji ifike Bagira bila kukatika, kwa njia yenye alipita. Kumi ya kwanza ni ya bafu, bale balikufa. Ya pili ni ya batoto. Ya tatu ni ya hii mji. Ya ine ni ya bale banatuua, juu Mungu anaomba vile. Ya tano ni ya Anselme."

"Na ikifika, atarudi?"

Akaendelea kuchambua majani. "Sikuomba arudi. Kila mutu anaomba arudi. Naomba imufikie tu, kwenye yeye iko."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuingia garini kama mfanyakazi tu. Nilijua kilichokuwa kinakufa pale kwenye mikalitusi kila asubuhi, na nilijua kwamba mwanamke yule, akisikia mlio wa laini iliyokatika, anafanya tena ishara ya msalaba bila kulalamika na kuanza upya akijua kabisa kwamba haitafika. Nilimweleza Ingénieur. Nilitegemea atasema kitu kuhusu ushirikina, kwa sababu alikuwa na ulimi huo. Akafuta miwani yake, akauliza tu, "Ya tano?" Kisha akarudi kwenye kompyuta yake.

Lazima niseme pia habari ya askari, maana Zihindula angeniona nimemdhulumu nikiacha. Karibu na kiwanda cha bia kulikuwa na kizuizi, kamba tu na vijiti viwili, na asubuhi moja askari mpya, aliyechoka na mwenye macho mekundu, aliona mwanamke ndani ya gari, kimya, simu sikioni, ramani ya mji magotini yenye misalaba ya penseli. Hata mimi ningejikamata. Alifungua mlango, akasema kwa Kilingala nije hapa, "Yaka awa," nikashuka. Alitaka kujua nazungumza na nani na misalaba ile ni nyumba za nani. Ingénieur alianza kueleza seli na minara, na kila neno lilituzamisha zaidi. Askari akaninyang'anya simu akaiweka kwenye sikio lake. Nikaona uso wake unabadilika. Alisikiliza kwa muda mrefu, bunduki imelegea begani, na kule jikoni Maman, asiyejua lolote, alikuwa anaendelea kwa utulivu wake wote.

"Nani huyu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Maman wa réception," nikamwambia.

"Anamusalia nani?"

Nikasema, "Batu bote." Sikudanganya, tulikuwa kwenye kumi la tatu, lile la mji. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha sahani, na kidole gumba chake kikubwa kikabonyeza kitufe chekundu. Laini ikakatika. Alipoona sura zetu aliogopa kuliko tulivyokuwa tumeogopa sisi, akatoa kamba njiani haraka, na tulipompigia Maman upande wa pili, akaanza na ishara ya msalaba.

Ingénieur alikuwa amejaribu mengi. Mwanzoni simu za kando ya ziwa zilikuwa zinarushwarushwa kati ya Muhumba na Kadutu, kwa sababu minara hiyo miwili ilisikika pale kwa nguvu karibu sawa, na kila mrusho ulikuwa nafasi ya kupoteza sauti. Akaifundisha mitambo uvumilivu: usiuache mnara ulio nao mpaka mwingine uuzidi kwa mbali. Mirusho ikaisha. Lakini uvumilivu huohuo ndio uliotuua kwenye kona. Mnara wa Muhumba ulipiga moja kwa moja juu ya maji, ukasikika wazi hadi hatua ya mwisho kabla ya kilima, na simu yenye uvumilivu iliung'ang'ania kwa sababu haikuwa na sababu ya kuuacha. Kisha kilima kikaingia kati, na ule mnara wenye nguvu haukuwepo tena, na hapakuwa na muda hata wa kuomba kupokelewa kwingine. Akipunguza uvumilivu, mirusho inarudi ziwani. Akiuongeza, kona inaua. Tulikwenda hivyo wiki baada ya wiki, mbele na nyuma, na chakula chake alikuwa anakiacha nusu.

Siku moja aliingia jikoni tunakula, hakukaa. Akachukua sahani yangu ya sambaza akaisukuma mbele ya Maman, akasema hii ni Muhumba. Akachukua kikombe kidogo cha chumvi, akasema huyu ni Bagira. Kabla ya kona, akasema, Bagira anasikika. Kidogo sana, lakini anasikika, kupitia ule mwanya wa bonde. Sisi tunaiambia simu ingoje mpaka Bagira amzidi Muhumba, na hatamzidi kamwe, hata siku moja, mpaka umechelewa.

"Tutaiambia ivumilie kwa Kadutu," akasema. "Kwa Kadutu iwe nguvu. Lakini kwa Bagira, hapana. Ikimusikia tu Bagira, na kama sauti yake inapanda, imuache Muhumba iende. Hata kama Muhumba anasikika muzuri sana kumupita."

"Iache mwenye nguvu," nikasema, "iende kwa muzaifu?"

"Juu huyu muzaifu njo ataiona ngambo ya kona."

Maman Espérance alikuwa ameshika kijiko hewani. Sijui alikuwa anafikiria nini. Mimi nilihisi nywele za mikono zinasimama, na nilikuwa nimeketi mbele ya sahani ya samaki wadogo na chumvi. Kulikuwa na hatari, nayo akaieleza: ikihama mapema mno, kule majini, Bagira itakuwa dhaifu kiasi cha kuidondosha. Ilibidi itokee ndani ya kipande kifupi cha barabara, si kabla, si baada. Alifanya kazi kwenye kompyuta siku nzima iliyofuata, akajaribu, ikadondoka ziwani, akarekebisha, ikadondoka kwenye kona, akarekebisha. Kila mara sauti jikoni ilianza upya.

Asubuhi ninayotaka kuifikia haikuwa na kitu cha pekee. Kulikuwa na ukungu juu ya ziwa na akina mama wa makala, wauza mkaa, walikuwa wanashuka na magunia yao. Zihindula aliendesha, Ingénieur alikaa mbele, mimi nyuma, na simu safari hii tuliiweka kwenye kipaza sauti kidogo alichokitengeneza Ingénieur mwenyewe, ili sote watatu tusikie. Nyawera tulipita. Askari wa kizuizi alituona akashusha kamba kabla hatujafika. Kumi la nne lilianza tukiwa kando ya maji, na sauti ya Maman ilikuwa wazi, karibu kabisa. Halafu, mikalitusi ikiwa tayari inaonekana, sauti ikapungua. Ikawa nyembamba, ya mbali, kama mtu aliyeingia chumba cha ndani akaendelea kuongea. Ingénieur akafumba macho. Zihindula akaingia kwenye kona polepole kuliko alivyowahi kuendesha gari maishani mwake, kilima kikatufunika, ziwa likapotea nyuma yetu, na ile sauti nyembamba ilikuwa bado inasema. Ikaanza kunenepa. Nyumba za kwanza za Bagira zilipotokea ilikuwa imejaa tena, na Maman Espérance, ambaye kwa saa ya ukutani alijua kwamba tumepita, akamaliza kumi la nne, akasema Atukuzwe Baba, na akatangaza fumbo la tano.

Baba Yetu alisali yote. Akaanza Salamu Maria ya kwanza, akafika kwenye jina la Yesu, pale ambapo nusu ya kwanza inaisha, na akanyamaza.

Nilijua imekatika. Sote tulijua. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika penseli. Lakini Ingénieur aliinua kidole, na katika kipaza sauti tukasikia maji yanachemka kwenye sufuria, na juu ya maji hayo tukasikia mtu anavuta pumzi, anajaribu kusema, anashindwa. Laini ilikuwa nzima. Yeye ndiye hakuweza. Miezi yote ile hakuwa amewahi kufika pale kwa sauti, pale mahali pa Anselme, na sasa amefika. Nililia palepale, sina haya kusema. Na nikajua pia, kwa hofu kamili, kwamba kimya kile kikiendelea atakihesabu ni kukatika, na atafanya ishara ya msalaba, na ataanza mwanzo.

Nikasogeza mdomo kwenye simu, nikasema nusu ya pili. Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, nikasema hadi Amina. Kisha sikujua nifanye nini, kwa sababu nimezoea kuitikia, si kuongoza. Kimya kikaanza tena. Na kutoka kiti cha mbele, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hajaitumia muda mrefu, Ingénieur Murhula akaanza Salamu Maria ya pili. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia mbele, barabara ya Bagira, na shati lake la pasi lilikuwa linatetemeka mgongoni. Nikaitikia. Akaanza ya tatu. Tulipofika sokoni, mahali tunaposimama kila siku, sala ilikuwa haijafika nusu, na Zihindula hakusimama. Alizunguka soko, akazunguka tena, kati ya wauza mihogo waliokuwa wanatushangaa, gari likitambaa. Kwenye ya saba au ya nane, sikuhesabu, sauti ya tatu ikaingia kwenye kuitikia, nzito na iliyolowa, ikitoka jikoni Muhumba. Tukamaliza pamoja.

"Maman," Ingénieur akasema, "imefika."

"Nimesikia."

Ingénieur alinyoosha mkono achukue simu ili akate, kama ilivyokuwa desturi, na Maman kule jikoni akawa kama ameuona. "Usikate kwanza," akasema. "Ibakie."

Basi tukarudi nayo hivyohivyo, imefunguka. Tulipita kona kutoka upande wa pili, tukapita ziwa, tukapita kizuizi na kiwanda na ule mti wa Nyawera, na njia nzima tulikuwa tunamsikia akipuliza makala kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, akiosha sufuria, akifungua mlango wa nyuma kumwaga maji, akijikohoza. Minara ilituachia na kutupokea na sikujua ni wapi. Tulishuka, tukapita sebuleni kwa wahasibu, tukapita korido yote tukifuata waya. Alikuwa amesimama mbele ya moto, simu ya mezani ameibana kati ya bega na sikio, macho yamevimba, na hakuitoa hata aliponiona. Yangu pia ilikuwa sikioni. Alifungua mdomo, na nikamsikia mara mbili, kwanza pale mbele yangu na kisha, ikichelewa kidogo, ndani ya simu.

"Mukuje mukule," akasema.